Bao Langu la Tatu

Siku tuliyomzika Papa Katembo nilikuwa nyuma ya nyumba yake, kule Beu mjini Beni, nikimenya ndizi pamoja na wanawake wa mtaa, na kupitia kipaza sauti cha matanga nikasikia bao langu la tatu likisimuliwa vibaya. Aliyesimulia alikuwa Kambale. Alisema aliupokea mpira, akamhadaa beki, akapiga kwa mguu wa kushoto, na mpinzani wake, Luteni, akabaki mdomo wazi. Si kweli hata kidogo. Ilikuwa krosi ya juu kutoka pembeni, mshambuliaji wangu akaruka kati ya mabeki wawili, akaupiga kwa kichwa. Najua kwa sababu kidole kilichofinya kitufe ni hiki changu. Waombolezaji walicheka vizuri, kama watu wanavyocheka kwenye kilio wakipewa ruhusa, na Kambale, ambaye siku hizi ni mtu mzito mwenye maghala ya saruji Butembo na Beni, akangoja kicheko kiishe kabla ya kuendelea. Mwanamke aliyeketi kando yangu aliona machozi yakinidondoka juu ya maganda. "Mama, unamulilia sana," akasema. "Alikuwa ndugu yako?" Nikamjibu kwamba hapana, alikuwa shahidi wangu. Nadhani alifikiri ni mambo ya tribinali, ya mahakamani, maana hakuuliza tena, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza. Papa Katembo alikuwa ameishi vya kutosha na alikufa kitandani mwake, jambo ambalo kwetu si la kila mtu. Kilio changu kilikuwa cha choyo. Alikuwa mtu wa mwisho aliyejua ambaye angeweza kusema, na alikuwa ameniahidi.

Nimepita arobaini na nimecheza michezo ya video maisha yangu yote. Huku Butembo mwanamke wa rika langu akisema hivyo watu hudhani anatania. Nauza uzi, vifungo na zipu kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Mususa, nina watoto wakubwa, nasali misa ya kwanza, na katika mfuko wa aproni yangu mna simu yenye mchezo. Mchezo wenyewe ni wa kupanga vigae vya rangi mpaka vijae. Hauna adui, hauna saa, na hata sauti nimeizima. "Mama, hii ni ya bakoko," binti yangu ananicheka, yaani ni mchezo wa mabibi wasio na meno. Mume wangu, alipokuwa hai, alikuwa akisema umri unapoza damu: kijana anataka kupiga na kupigwa, mtu mzima anataka kukaa na bustani yake. Labda kwa wengine ndivyo. Mimi wakiniambia hivyo natabasamu tu, na moyoni nakasirika, kwa sababu ladha zangu hazikubadilishwa na umri. Zilibadilishwa na mwaka mmoja, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, nilipokuwa nimepanga chumba kwenye kiwanja cha Papa Katembo.

Kiwanja kilikuwa Mususa, kwenye mteremko, na mvua ikinyesha udongo mwekundu uliingia mpaka mlangoni. Mbele, upande wa barabara, ndipo ilipokuwa sale ya michezo: chumba cha mbao za mikaratusi, mabati juu, mabenchi, televisheni moja na mashine moja ambayo wafanyabiashara waliileta kutoka Dubai pamoja na vitenge na masufuria. Nyuma ya ukuta wa mbao ilikuwa depo, ambamo Papa Katembo alirundika magunia ya maganda ya kenkina, yale yanayotolewa dawa ya malaria, akingoja bei ipande. Haikupanda. Vumbi la maganda yale ni chungu kweli. Ukikaa humo kidogo tu unajikuta unalilamba midomoni bila kutaka. Katikati ya magunia ilikuwa meza yake ya kuchomelea, kwa sababu alikuwa fundi wa redio kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na juu ya meza ilikaa televisheni ya pili, ndogo, iliyoonyesha kilekile kilichoonekana mbele, kwa waya aliougawanya mwenyewe. Mlango kati ya depo na sale haukuwa na ubao, ulikuwa na pazia la kitenge cha zamani chenye picha za majogoo. Mkewe, Mama Kahindo, alipikia kwenye kibanda cha kando, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi, ilipenya kwenye mbao mpaka kwa wachezaji, ikawakosesha mabao. Nikifumba macho hata leo, njaa ya saa za mchana inanirudia na harufu ileile na kelele za jenereta.

Msichana hakuingia sale. Hakuna aliyeitangaza sheria hiyo, lakini msichana ambaye angeonekana kwenye lile benchi Jumamosi, Jumapili katekista angekuwa tayari na habari zake. Lakini depo ilikuwa sehemu ya nyumba, na ndani ya nyumba msichana yuko kazini. Wavulana wa Mususa wakipigwa bao walikuwa wakipigiza manete chini, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vitufe, na Papa Katembo alishinda akizifungua, akizisafisha na kuzichomelea. Alihitaji mtu wa kuzijaribu wakati yeye anaangalia nyaya. Siku moja nilikuja kuomba makaa, akanisukumia moja mikononi. "Masika, shika hii. Finya hapa. Mutu anakimbia?" Nikamwambia anakimbia. "Finya ile ingine." Nikamwambia amepiga mpira inje. "Basi, yenyewe iko nzima," akasema bila kuinua macho. "Ni weye njo hauko muzima." Kesho yake nilirudi bila kuhitaji makaa.

Ili asiwe anahamisha mashine kila mara, alikuwa ameurefusha waya wa manete ya majaribio kwa nyaya za simu ya zamani, ukapita kwenye tundu la ukuta mpaka kwenye mashine. Kwa hiyo nilipojaribu, nilijaribu dhidi ya mvulana aliyeketi upande wa pili wa mbao, naye aliamini kwamba anacheza na mwenye nyumba. Nilijifunzia kwenye manete mbovu, zenye kitufe kinachokwama na kingine kinachojifinya chenyewe, hivi kwamba nilipopewa nzima nilijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Nilikuwa nikiwasikia wakizungumza. "Ule muzee ni mukali," mmoja alisema. "Anacheza sawa mutu hayakula toka jana." Mwingine alisema Papa Katembo hakika ana dawa. Mimi nimeziba mdomo kwa mkono, nacheka ndani ya vumbi la kenkina. Nataka mtu anielewe hapa: siku zile sikupenda kucheza dhidi ya mashine, kwa sababu mashine haiumii. Nilipenda pumzi ya mtu nyuma ya mbao, jinsi inavyokatika anapoona mpira unaingia. Nilitaka aniogope, na nilitaka siku moja ajue ni mimi. Hayo mawili kwangu yalikuwa kitu kimoja.

Zaidi ya Papa Katembo, aliyejua alikuwa Kambale peke yake. Alitoka Kalunguta, shambani, akakaa kwa mjomba wake karibu na sale, na kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kupanga zamu. Alikuwa na sauti kubwa na uso usioonyesha kitu, na alicheza wastani tu. Mchana tulikula pamoja kwenye kibanda cha Mama Kahindo, maharage na bugali katika sahani moja, na alinisimulia nani mbele analalamika, nani ameapa kumshinda Papa Katembo kabla ya Noeli. Nilimpenda, niseme wazi. Nilipenda jinsi alivyonisimulia mabao yangu mwenyewe huku amejaza bugali mdomoni, kana kwamba nilikuwa sijayaona.

Halafu akaja Luteni. Alikuwa ametumwa Beni kutoka jimbo lingine, na mwisho wa juma alipanda Butembo kwa jipu, akiwa na mashine yake mwenyewe iliyo mpya kuliko yetu, imefungwa kwenye blanketi la jeshi kama mtoto mchanga. Aliwapiga wavulana wote wa Mususa, mmoja baada ya mwingine, na hakuwapiga kwa adabu. Kila bao aligeuka kuwatazama waliokaa nyuma. "Bana Butembo, boyebi kaka koteka," alisema kwa Kilingala chake, kwamba sisi watoto wa Butembo tunajua kuuza tu. Wiki zikapita hivyo, na vijana wakaanza kuikimbia sale, kwa sababu nani anapenda kutukanwa akiwa amekaa kwao. Siku moja Luteni akamwambia Papa Katembo mbele ya wote: achague mtu wake mmoja, wakutane Jumapili baada ya misa. "Mi nikishinda, nabeba televizio. Nikishindwa, naacha mashine yangu hapa." Papa Katembo akakuna kichwa, akasema polepole: "Mon lieutenant, iko mutoto mumoja anajua sana. Mais ni mwanamuke." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasogeza sikio. Luteni alicheka kwa muda. "Mi nicheze na mwana mwasi, na kasichana? Munanizarau?" Kilichonikaa zaidi ni kwamba wavulana wa Mususa, wale aliokuwa akiwatukana kila wiki, walicheka pamoja naye.

Mpango ulipikwa kwenye depo, kati ya magunia. Kambale angekaa kwenye benchi karibu na Luteni, akiwa na manete ambayo waya wake unaingia chini ya kitambaa cha meza ya mashine na kuishia hapohapo, haujachomekwa popote. Mimi ningecheza kutoka depo kwa waya mrefu. Papa Katembo mwenyewe hakuweza kukaa benchini, uso wake ulikuwa hausitiri kitu, hata bei ya sabuni. Akatangaza kwa vijana kwamba ule ukali wote wa nyuma ya mbao amemrithisha Kambale kwa siri, na kijana amekwisha kumpita. Nilimsikia akitangaza. Niliporudi kumuuliza, alinishika bega kwa mkono wake wenye harufu ya risasi ya kuchomelea. "Hapana kasirika, mwana wangu. Ukimaliza kumupiga, mi nafungua hii pazia. Bote baone ni nani." Kambale alikuwa amesimama palepale. "Nitasimama nikwambie wasingya mbele yabo," akasema, asante kwa Kinande, na wote watatu tukacheka, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuiona siku yenyewe.

Jumapili ile Mama Kahindo alikuwa ameshuka Kalunguta kuvuna maharage. Nilitoka misa nikaingia depo nikiwa bado na nguo za kanisani. Sale ilijaa mpaka watu wakasimama dirishani, mbao zililia kwa uzito wa migongo, na kupitia mwanya wa pazia niliona bega la Kambale na kisogo cha Luteni. Luteni alikuwa mzuri, sitamnyima haki yake. Alinifunga mapema, akanifunga tena, na nikamsikia akigeuka kwenye benchi, nikajua anawatazama. Nikafuta mikono kwenye sketi, nikaanza kucheza kama nilivyozoea, kama mtu mwenye manete mbovu: pasi fupi, hakuna haraka, ngoja akujie. Bao la kwanza lilitokana na uzembe wake. La pili nililipenda. Kila mpira ulipoingia jina lililopigiwa kelele lilikuwa Kambale, Kambale, na mimi nilisema moyoni haidhuru, ngoja kidogo tu. Jenereta lilikohoa mara moja, picha ikatetemeka, wote tukashika pumzi, likaendelea. Halafu ile krosi, na kile kichwa. Pumzi ya Luteni ilikatika nyuma ya mbao, niliisikia vizuri katikati ya kelele zote, na hadi leo sijapata kitu kitamu kuliko hicho.

Nikasimama. Nikanyoosha sketi, nikajipangusa vumbi midomoni, nikageukia pazia. Mbele walikuwa wakiimba, benchi limeanguka, na niliona kivuli cha Papa Katembo kikija upande wangu. Vidole vyake vikashika ukingo wa kitenge, pale kwenye picha ya jogoo. Nilivitazama vidole vile. Vikauvuta ukingo, vikauziba ule mwanya mdogo niliokuwa nikichungulia, vikaukaza kwenye msumari wa fremu. Kisha vikaondoka. Nilibaki nimesimama na uso wangu umetengenezwa kwa ajili ya watu, na mbele yangu kuna kuku wa kitambaa.

Alipokuja baadaye, sale ikiwa tupu, alisema kwa sauti ya chini. "Si leo, Masika. Ule mutu iko na pistole. Akijua tulimuchezea vile, atatufungia nyumba." Nilimuuliza lini. "Bakimuhamisha." Sikuweza kumpinga, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kambale aliniletea Fanta. Alikuwa amebebwa mabegani mpaka barabara kuu na shati lake lilikuwa limechanika kwapani. "Umetuokoa, Masika," aliniambia, na macho yake yalikuwa na machozi. Naandika hili kwa makusudi: alilisema. Alilijua siku ile.

Luteni alihamishwa kabla ya mvua kuisha. Lakini juu ya mlango wa sale tayari palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: KWA KAMBALE SHAMPIO, yaani kwa bingwa Kambale. Vijana walikuja hata kutoka Beni kumwona, na kwa mashine mbili sale ilikuwa haipumui. Kambale hakucheza na mtu kwa miezi. Alisema kidole gumba kinamuuma, akatoa mashauri tu, mkono kiunoni. Nilimkumbusha Papa Katembo. Alikuwa anachomelea. "Nikisema leo, Masika, batasema tuliiba ile mashine. Na Kambale nitamuweka wapi? Ngoja. Siku moja nitasema." Nikarudisha manete mezani. Nilifaulu mtihani wa serikali, nikahama kiwanja, na sikumuaga mtu yeyote ipasavyo.

Sikuacha kucheza, ningeachaje? Ila niliacha watu. Mfanyabiashara mmoja niliyekuwa nikimuuzia dukani aliniletea kutoka Kampala kimashine kidogo cha mkononi, na nikacheza ya kuruka mashimo na kukusanya sarafu, mimi na mimi. Nilipoolewa tukawa na kompyuta, nikapenda ya magari, lakini ile ya kushindana na saa tu, barabara tupu, hakuna gari lingine. Miaka ile mibaya ya mauaji ya Beni, nilipokwama huko kwa shemeji yangu siku nyingi kwa sababu barabara ilikuwa haipitiki, wakati tukisikia milio ya bunduki kutoka upande wa mashamba, nilivaa vipokea sauti nikacheza ya vita. Watu wananiuliza nilikuwa na moyo gani. Nilikuwa na moyo wa mtu anayetaka kusikia bunduki ambazo anaweza kuzizima. Siku moja nilivivua na sikusikia tofauti kati ya ndani na nje, nikaiacha, na sijairudia. Baada ya hapo ikawa bustani, kisha vigae. Ukiitazama kwa mbali ni safari ya kila mtu, kutoka moto kwenda baridi, na binti yangu ana haki ya kucheka. Lakini mimi najua nilichokuwa nikikimbia. Mchezo wenye mpinzani unaacha mtu mwingine anayejua jinsi ulivyoisha, na mtu huyo ana mdomo. Vigae havina mdomo.

Nilimwona Papa Katembo mara ya mwisho mwaka jana, alipokuwa ameugua. Mama Kahindo alikuwa ametangulia kufa, na mzee alikuwa amehamia Beu karibu na ndugu zake, fundi wa redio ambaye macho yake hayaoni tena nyaya. Alinitambua kwa sauti. Tulikunywa chai ya maziwa na mikate ya kukaanga, akaniuliza kama bado nacheza, nikamwonyesha vigae, akavipapasa kwenye kioo kwa kidole. "Haina mutu ndani," akasema. Nikamwambia ndiyo, haina. Akaweka kikombe chini. "Nitasema, Masika. Batoto bangu bakikusanyika bote, nitasema mbele yabo. Na Kambale akuwepo." Nilirudi Butembo nikiwa mwepesi, nikipita kwenye vizuizi vya askari kama mtu anayekwenda harusini. Basi, watoto wake walikusanyika wote, na Kambale alikuwepo, na yeye alikuwa ndani ya sanduku.

Baada ya chakula cha matanga, watu wakiwa bado wamekaa chini ya maturubai, Kambale alikuja kunisalimu nyuma ya nyumba. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli. "Masika! Weye haubadilikake." Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwongo, na nikamtazama machoni kutafuta ule uongo. Nikamuuliza kama anaikumbuka depo. "Depo ya kenkina!" akasema. "Nasahauje? Ulikuwaka unatuletea chai kutoka mule. Siku ya Luteni, kama si ile chai yako, mikono yangu ingetetemeka." Akaniinulia kidole gumba chake kinene. "Hiki kiliniuma wiki nzima, unakumbuka?" Sikuona kitu machoni mwake. Hakuwa ananificha. Kilikuwa kimemuuma kweli: aliifinya manete mfu kwa nguvu zake zote, mchezo mzima, na mwili wake ukakumbuka kufinya. Mengine yote yamejipanga yenyewe kuzunguka maumivu hayo. Ningemsamehe mwongo upesi zaidi.

Katika kibanda cha uani vijana wa ukoo walikuwa wamewasha mashine, moja ya zile za zamani zinazouzwa mitumba, zenye nyaya. Kambale alivuliwa koti, akampiga kijana mmoja, vijana wakapiga vigelegele, akaniita nikae karibu nitazame. Nikaomba manete ya pili. Walicheka, bila ubaya. "Mama naye anajua?" mmoja akauliza. "Mupe, mupe," Kambale akasema, "tucheze kidogo, ni siku ya Papa Katembo." Nilifuta mikono kwenye kitenge changu. Nilikuwa nimeamua: nikishinda, nasimama palepale, nasema yote, na nani ataninyamazisha wakati wameona kwa macho yao? Baada ya miaka yote ya vigae, ile njaa ya zamani ilinirudia kwa mkupuo mmoja, nikajua kwamba haikuwahi kupoa. Nilitaka kuisikia pumzi yake ikikatika.

Hakuna kilichokuwa mahali pake. Vitufe vilikuwa vingi kuliko vya kwangu, wachezaji waligeuka kabla sijawaambia, mpira ulikuwa mdogo na macho yangu yaliuchelewa. Nilijaribu pasi fupi, nikangoja anijie, na alinijia, lakini hakuanguka mtegoni. Hilo ndilo sikulitegemea: Kambale alikuwa mzuri. Tangu ile miezi aliyojificha nyuma ya kidole kibovu, alikuwa amekaa miaka mingi na mashine, kwanza kwa hofu ya kuumbuka, nadhani, halafu na wanawe, mpaka akawa kweli yule mtu aliyeandikwa juu ya mlango. Alinifunga kwa krosi ya juu na kichwa. Vijana wakaita jina lake. Nilikuwa nikihema, mimi ndiye niliyehema, na yeye alisikia.

Akaniwekea mkono begani, kwa upole, kama Papa Katembo alivyokuwa akifanya. "Hapana sikitika, Masika," akasema. "Zamani weye haukuchezaka."

Nilikuwa nimeushika waya wa manete yangu pale unapotokea, nikaufuata kwa macho juu ya mkeka, kati ya miguu ya vijana na sahani za matanga, nikiuombea uishie mahali popote chini ya kitambaa chochote. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine. Ulikuwa umechomekwa.